Dobi Aliyeanza Kusahau

Duka la Nyoosha lilikuwa na vyumba viwili. Chumba cha mbele kilikuwa na meza ndefu ya kupigia pasi, bomba la kutundikia nguo na kiti kimoja cha mteja. Chumba cha nyuma kilikuwa na mabeseni, pipa la maji na mlango wa kutokea uani, kwenye kamba za kuanikia.

Nyoosha alikuwa dobi kwa miaka thelathini na minane. Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho, na kitambulisho kilikuwa sandukuni. Watu walimwita Nyoosha kwa sababu shati likipita mikononi mwake, hata anayelivaa alisimama wima.

Nyoosha hakujua kusoma wala kuandika. Alipokuwa mdogo alipelekwa kazini badala ya shuleni. Lakini hakuwahi kuchanganya nguo za watu. Zote alizihifadhi kichwani.

"Hili la mwalimu mkuu," alikuwa akisema. "Hili la fundi rangi, kifungo cha tatu kimelegea. Hii suruali ina mwenyewe mwenye hasira, ianze kwanza."

Wateja walipenda kumjaribu. Walimtupia soksi moja tu, bila maelezo. Nyoosha aliigeuza, akacheka, akasema, "Mwambieni mwenyewe akate kucha." Na kweli alimjua mwenyewe.

Mkewe alifanya kazi naye. Mke alifua, mume akapiga pasi. Mke hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini jicho lake halikukosa kitu.

Zamani Nyoosha alipeleka nguo kwa miguu. Kila alasiri alibeba mzigo begani, akazunguka mtaa mzima. Alisimama hapa, akataniana pale. Kwa kinyozi alikaa kidogo, wakacheza drafti mchezo mmoja au miwili. Kisha alirudi nyumbani amechoka vizuri.

Miaka miwili iliyopita, binti yao alimwonea huruma. Ni mtoto wao wa pekee, karani katika ofisi kubwa.

"Baba, una miaka sitini na mmoja," alisema. "Miguu yako ipumzike. Nimepata mtu wa pikipiki, atapeleka nguo."

Tangu siku hiyo Nyoosha alikaa. Alipiga pasi amekaa kwenye kiti kirefu. Akimaliza, alikaa mbele ya televisheni. Sauti aliifungulia juu sana. Jirani alipata taarifa ya habari yote bila kuwasha televisheni yake.

Kwa kinyozi hakwenda tena. Alisema, "Watu wa siku hizi wananong'ona tu. Mimi siwaelewi."

Basi, Jumatatu moja asubuhi, mwenye bucha aliingia dukani. Mkononi alishika gauni jeupe.

"Mzee Nyoosha," alisema, "mimi hili nalivaaje?"

Nyoosha alilitazama gauni. Lilikuwa gauni la kazi la muuguzi, limepigwa pasi vizuri sana.

"Nimefungua mfuko mbele ya wateja," mwenye bucha aliendelea. "Nikajua natoa koti langu la kukatia nyama. Nimetoa gauni! Watu wamecheka mpaka wamesahau kununua."

Kabla Nyoosha hajajibu, muuguzi mwenyewe aliingia. Alikuwa mwanamke wa makamo, anafanya kazi kwenye zahanati ya mtaa. Watu wote walimwita Sista. Naye alishika koti la mwenye bucha.

"Afadhali nimelikunjua nyumbani," alisema. "Ningeingia nalo wodini, wagonjwa wangepona ghafla na kukimbia."

Wote walicheka. Nyoosha pia alicheka. "Ni yule wa pikipiki," alisema. "Amechanganya mifuko."

Sista alimuuliza, "Mzee, unalala vizuri siku hizi?"

"Mala imeisha," alijibu Nyoosha. "Labda uulize dukani."

Mala ni maziwa ya mgando. Hakuna aliyezungumzia maziwa. Sista alimtazama mke wa Nyoosha. Mke aliinamisha macho, akaanza kukunja shuka ambalo lilikuwa limekunjwa tayari.

Siku mbili baadaye mambo yaliharibika zaidi.

Nyoosha alikuwa anapiga pasi suti ya bwana harusi. Mkewe alikuwa nyuma, anasuuza. Ghafla alisikia harufu ya kitambaa kinachoungua. Alikimbilia mbele. Pasi ilikuwa imelala juu ya suti, moshi unapanda. Alichomoa waya. Alimwaga beseni zima la maji mezani. Suti ilikuwa na tundu lenye umbo la pasi, na chini yake mbao ya meza ilikuwa imegeuka mkaa.

"Baba watoto!" aliita. "Uko wapi?"

Nyoosha alikuwa uani. Alisimama katikati ya kamba za nguo, ameshika kibanio kimoja.

"Mama watoto," alisema polepole, "nilikuja kuchukua nini huku?"

Mkewe alikitoa kibanio mkononi mwake. Alimshika mkono akamwingiza ndani.

Jioni binti yao alikuja. Aliiona meza. Aliona tundu kwenye suti. Alikaa kwenye kiti cha mteja, akafuta uso kwa kiganja.

"Duka lifungwe," alisema. "Baba aje kwangu. Chumba kipo. Televisheni ipo. Hatagusa pasi wala jiko. Mama, siku nyingine atajiunguza, au ataunguza mtaa."

Nyoosha aliinamia meza iliyoungua. Haikujulikana kama amesikia.

"Si mara ya kwanza kusahau," mkewe alisema. "Ni mwaka mzima sasa. Mimi nilikuwa namfichia."

"Unamfichia vipi?"

Mama alichukua shati kwenye bomba, akageuza kola. Ndani kulikuwa na uzi mdogo wa kijani.

"Kijani ni mwalimu mkuu. Nyekundu ni bucha. Bluu ni Sista. Natia alama kabla nguo hazijafika kwake, kisha mimi ndiye ninayepanga mifuko. Jumamosi iliyopita niliumwa jino, nikalala. Akapanga peke yake. Ndipo koti na gauni vikapishana."

Nyoosha aliinua kichwa. Hili alilisikia.

"Mwaka mzima?" aliuliza. "Mwaka mzima unanishonea nyuzi?"

"Sikutaka uaibike."

Nyoosha aligusa uzi wa kijani kwenye kola. Kisha alisema, "Kaka yangu alianza hivi. Alianza na funguo. Akaja kwenye majina. Mwisho nilikwenda kumsalimia, akaniuliza, 'Wewe ni mtoto wa nani?' Mimi, niliyelala naye kitanda kimoja utotoni." Aliiachia kola. "Kila asubuhi nikiamka nahesabu majina yenu. Nahakikisha bado yapo."

Binti alianza kulia. Mama hakulia. Aliondoka pale, akavuka barabara, akarudi na Sista.

Sista alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Aliwasikiliza wote watatu, mmoja baada ya mwingine. Aliposema na Nyoosha alimgeukia usoni, akasema polepole, bila kupiga kelele. Nyoosha alielewa kila neno.

"Msifunge duka kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeupima," alisema. "Watu wengi wakiona mzee anasahau, wanasema ni uzee tu. Wengine wanasema amechanganyikiwa. Wote wanakosea. Kusahau kidogo ni kawaida. Ukisahau ulipoweka miwani, si ajabu. Lakini kuacha pasi inaunguza nguo, hiyo ni dalili. Na dalili ina sababu. Sababu nyingine zinatibika kabisa."

"Na zile zisizotibika?" binti aliuliza.

"Hata hizo, zikijulikana mapema, mtu anasaidiwa aishi vizuri kwa muda mrefu zaidi. Mzee, kuna dawa yoyote unayotumia?"

"Hakuna."

"Zipo," mkewe alisema. Alitoa pakiti kwenye droo. "Hizi za kupiga chafya. Sabuni inamkereketa pua. Kimoja asubuhi, viwili jioni. Anasema zinampa usingizi."

"Kwa muda gani?"

"Miaka miwili. Labda mitatu."

"Nani alikuandikia, mzee?"

"Mwenyewe," alisema Nyoosha. "Duka la dawa wananijua. Nikiingia tu, wananipa."

Sista alisoma pakiti, akaiweka kwenye mfuko wake. "Hii tutakwenda nayo kwa daktari," alisema.

Wiki iliyofuata walikwenda hospitali, wote watatu pamoja na Sista.

Daktari alianza na presha. Alimpima Nyoosha mara mbili, kwa kupumzika katikati. Ilikuwa mia moja sabini na sita juu ya mia moja na mbili. Nyoosha hakuwahi kupima presha maishani. Hakuumwa kichwa, hakuumwa kifua. Alidhani yuko salama.

"Presha haipigi hodi," daktari alisema. "Inaingia tu na kukaa."

Kisha alimpima sukari na damu. Akamchungulia masikioni, akatoa nta iliyoziba. Baada ya hapo alimpima usikivu kwa mashine. Masikio yote mawili yalikuwa yamepungua nguvu.

Mwisho walifika kwenye kumbukumbu. Daktari alijua Nyoosha hasomi, kwa hiyo hakumpa karatasi. Alimwambia maneno matano. "Ndoo. Daraja. Njano. Shangazi. Chumvi." Wakazungumza mambo mengine. Kisha akamwomba ayarudie.

Nyoosha alifikiri. "Chumvi," alisema. "Na shangazi. Shangazi siwezi kumsahau, alinichapa sana." Matatu yaliyobaki hayakuja.

Daktari alizungumza na mke wa Nyoosha pembeni. Aliuliza kama Nyoosha anajivalisha, anajilisha, anajua njia ya nyumbani. Yote aliyaweza. Kisha aliwaita pamoja.

"Kumbukumbu yake imepungua kuliko tunavyotarajia kwa umri wake," alisema. "Lakini bado anajitegemea. Leo siwezi kusema ana ugonjwa wa kusahau kama wa kaka yake. Siwezi pia kusema hatakuwa nao. Ninachoona ni mambo matatu yanayoubana ubongo wake, nayo tunaweza kuyaondoa. Presha. Masikio. Na hivi vidonge vya chafya. Vidonge vya aina hii vinaleta usingizi mzito na ukungu kichwani, hasa kwa mtu mzima anayevitumia kila siku. Nitakupa dawa nyingine ya pua."

Njiani kurudi, binti aliendesha gari. Walipofika dukani alisema, "Basi, Sista, sasa apumzike kwangu huku anatumia dawa."

"Apumzike kutoka kwenye nini?" Sista aliuliza. "Amepumzika miaka miwili. Tazama alipofika."

Binti aligeuka haraka. "Unasema mimi ndiye niliyemkalisha?"

"Ulimpenda. Hukujua. Hata sisi wahudumu zamani tuliwaambia wazee wakae tu." Sista alishusha sauti. "Na si kukaa peke yake. Ni vitu vingi vimekutana. Lakini nisikilizeni. Ubongo ni mdogo, kilo moja na nusu hivi. Lakini unatumia karibu sehemu moja ya tano ya nguvu ya mwili mzima. Damu ndiyo inayoulisha. Mzee, ukiufungulia mpira wako wa maji kwa nguvu nyingi mno, kila siku, unapasuka wapi?"

"Pembamba," alisema Nyoosha. "Kwenye maungio."

"Na mishipa mingi ya ubongo ni myembamba kuliko nywele. Presha kubwa inaichakaza kidogo kidogo. Sehemu za ubongo zinakosa damu, na wewe huhisi kitu. Ukitembea, moyo unasukuma damu vizuri, presha inashuka, na ubongo unapata chakula chake."

"Na masikio? Masikio yapo huku nje," alisema Nyoosha.

"Ukisikiliza redio inayokwaruza, unakumbuka habari walizosoma?"

"Nakumbuka kukwaruza tu."

"Ndivyo. Ubongo wako unatumia nguvu zote kukamata maneno. Hazibaki nguvu za kuyahifadhi. Halafu mtu asiyesikia anaona aibu, anakimbia wenzake. Na mazungumzo ni mazoezi makubwa ya akili. Usingizi nao ni muhimu. Ukilala vizuri, bila vidonge vile, ubongo unajisafisha. Unatoa taka za mchana."

Nyoosha alitabasamu kwa mara ya kwanza wiki hiyo. "Kumbe kichwani pia kuna dobi."

"Yupo. Na wewe umemnyima maji."

Sista aliwaeleza jambo jingine. Watafiti walichukua wazee zaidi ya elfu mbili ambao akili zao zilikuwa hatarini. Kundi moja lilipewa ushauri, kila mtu ajipangie mwenyewe. Kundi la pili lilipewa ratiba kamili: mazoezi, chakula bora, mazoezi ya akili, kukutana na wenzao, na kufuatiliwa presha. Baada ya miaka miwili makundi yote yalifanya vizuri zaidi kwenye vipimo vya akili. Lakini kundi lenye ratiba na wenzao lilipiga hatua kubwa zaidi.

"Kwa hiyo hutafanya peke yako," alimalizia. "Tutapanga siku, na tutapanga watu."

Ratiba ya Nyoosha haikuhitaji uwanja wala mashine. Ilikuwa ni kazi yake ya zamani. Mtu wa pikipiki alibaki na wateja wa mbali. Wa mtaani walirudi kwa Nyoosha, kwa miguu, kila alasiri isipokuwa Jumapili. Mkewe alifuatana naye mwezi wa kwanza. Walibadilisha pia swichi ya pasi. Ilihamishwa karibu na mlango wa uani, ili mtu asiweze kutoka bila kuiona. Sheria ikawa moja: anayetoka, anazima.

Wiki ya kwanza magoti yalimuuma. Wiki ya pili alitafuta visingizio. Mara kuna jua. Mara kuna mawingu. Mkewe alipunguza chumvi kwenye mboga, akaongeza maharage, majani na samaki.

Nyoosha alionja, akaweka kijiko chini. "Hii mboga nimeikosea nini?"

"Kula. Ulimi utazoea."

Ulimi ulichukua wiki tatu kuzoea.

Vita kubwa ilikuwa ya vifaa vya masikio. Vilipatikana kupitia hospitali baada ya miezi miwili ya kusubiri. Nyoosha alivikataa.

"Watu wataniona mzee," alisema.

"Una miaka sitini na mitatu," alisema mkewe. "Ulitaka wakuone nani?"

Alivivaa kwa hasira. Alikaa mezani. Baada ya muda aliinua kichwa. Alisikia mvuke wa pasi. Alisikia maji yakidondoka uani, tone baada ya tone. Alisikia mkewe akisema na nafsi yake kwenye mabeseni.

"Kumbe huwa unanisema!" alipaza sauti.

"Miaka mingi," mkewe alijibu kutoka nyuma. "Sasa itabidi nipunguze."

Alasiri ile aliingia kwa kinyozi. Wateja wawili walikuwa wanasubiri zamu, ubao wa drafti uko katikati. Kinyozi alimwona akaacha mkasi hewani.

"Nyoosha! Tulijua umetuhama."

"Mlikuwa mnanong'ona," alisema Nyoosha.

"Sisi? Humu tunapiga kelele mpaka mashine ya nywele haisikiki."

Alifungwa michezo mitatu mfululizo. Alirudi nyumbani analalamika njia nzima. Mkewe alifurahi. Mtu anayelalamika kuhusu drafti hajakata tamaa.

Mwezi wa nne wa ratiba alivunjika moyo. Alipeleka mfuko wa mwalimu mkuu kwenye nyumba ya fundi rangi. Fundi rangi alicheka tu, akamrudishia. Lakini Nyoosha alirudi dukani, akatupa mfuko mezani.

"Basi," alisema. "Dawa nakunywa. Natembea. Nakula majani kama mbuzi. Na bado nasahau. Binti yangu alisema kweli. Mnipeleke nikakae."

Sista alikuwa dukani kuchukua gauni lake. "Mzee, mimi nina miaka arobaini na tisa," alisema, "na dawa za wagonjwa siziweki kichwani. Naandika. Tunaandika wote."

"Mimi siandiki."

"Najua. Kwa nini usijifunze?"

Nyoosha alimtazama kama mtu aliyetukanwa. "Nijifunze leo? Kwa kichwa hiki kinachovuja?"

"Hicho hicho. Ubongo wa mtu mzima bado unajenga njia mpya ukipewa jambo jipya na gumu. Kurudia unachokijua ni sawa, lakini kipya ndicho kinachoutoa jasho. Na watu waliopata elimu, hata kidogo, wengi wao wana akiba ya njia kichwani. Njia moja ikiziba, wanapita nyingine."

Kulikuwa na darasa la watu wazima shuleni, Jumanne na Alhamisi jioni. Nyoosha alikwenda amevaa shati lake bora, amelipiga pasi mara mbili. Alikaa kwenye dawati dogo, magoti yamemfika kifuani. Kulia kwake alikaa muuza mboga, kushoto mlinzi wa ghala. Wote walishika penseli kama watu wanaoshika nyoka.

Herufi ziligoma. B ilimtazama upande usiofaa. Aliisahau, akairudia. Akaisahau tena, akairudia tena. Usiku ule alikuwa amechoka mapema kuliko siku zote za kubeba mizigo, na alilala bila kidonge.

Baada ya majuma sita alikata vipande vya kitambaa cheupe. Kwenye kila kipande aliandika kwa kalamu isiyofutika. B ya bucha. S ya Sista. M ya mwalimu. Alivibandika kwenye nguo kwa pini, kimoja kimoja, mwenyewe. Mkewe alisimama mlangoni na sindano mkononi, uzi wa kijani umeshaingizwa. Alimtazama hadi alipomaliza. Kisha alichomoa uzi, akaurudisha kwenye kikapu.

"Hii M yako imelala," alisema.

"Imechoka," alijibu Nyoosha. "Imesoma sana."

Baada ya miezi minane walirudi kwa daktari. Presha ilikuwa mia moja thelathini na mbili juu ya themanini. Daktari alimtajia maneno matano mengine. Nyoosha alikumbuka manne. La tano lilimkataa.

"Nimepona?" aliuliza.

Daktari hakumdanganya. "Ya miaka kumi ijayo siyajui," alisema. "Hakuna anayeweza kukuahidi. Ninachojua ni kwamba leo uko vizuri kuliko mwaka jana. Ukungu wa vidonge umeondoka, damu inapita vizuri, na unasikia. Endelea hivyo hivyo, na usiache dawa ya presha hata ukijisikia mzima. Tutaendelea kukupima. Watafiti wanakadiria kwamba karibu nusu ya ugonjwa wa kusahau duniani ungeweza kuzuiwa au kucheleweshwa, kama watu wangeyashughulikia mambo kama haya mapema. Hiyo nusu nyingine hatuiwezi bado. Hii tunaiweza."

Nyoosha alitikisa kichwa kukubali. Alionekana kuridhika na jibu hilo kuliko kama angeambiwa amepona.

Sista alikuwa pale, ameshika kipimo cha presha. Alimwona binti amekaa pembeni, anajikanda shingo.

"Njoo na wewe," alimwambia. "Kipimo kiko nje tayari."

"Mimi? Mimi nina miaka arobaini na miwili."

"Ndiyo maana. Ubongo hauanzi kuharibika siku ya kustaafu. Mambo haya yanaanza kimya kimya miaka ishirini kabla. Lini ulipima mara ya mwisho?"

Binti alifikiri. "Nilipojifungua," alisema.

"Mtoto yuko darasa la ngapi?"

"La nane."

Sista alimfunga kitambaa mkononi. Mashine ilikaza, ikalegea. Alimwacha apumzike, akampima tena. Mia moja hamsini na sita juu ya tisini na nane.

Binti alitazama namba zile kama namba za mtu mwingine. "Nakaa ofisini tangu asubuhi mpaka jioni," alisema polepole. "Natoka kwenye kiti, naingia kwenye gari, natoka kwenye gari, nakaa nyumbani."

"Utapimwa tena siku mbili tatu, ndipo daktari aamue," Sista alimwambia. "Usiogope. Umewahi mapema."

Binti aligeuka kwa baba yake. Nyoosha alimtazama usoni, kisha akatazama miguuni. Binti alivaa viatu virefu, vyembamba, vinavyong'aa.

"Kesho ukitoka kazini usipande gari," alisema. "Nisubiri mlangoni pa ofisi."

"Baba, kwako na ofisini kwangu ni mbali."

"Nimesikia. Siku hizi nasikia. Na uvae viatu. Hivyo ni vya kukalia."

Kesho yake, saa kumi na moja jioni, binti alitoka ofisini na raba miguuni. Baba yake alikuwa amesimama upande wa pili wa barabara, mzigo wa nguo begani. Walisalimiana. Nyoosha aliushusha mzigo, akasoma kipande kimoja cha kitambaa kwa sauti, herufi moja moja. Akasoma kingine. Kisha akaugawa mzigo mara mbili, akampa binti yake nusu, nao wakaanza kutembea kuelekea mtaani.